Niliita watu wanibandulie miwati ya ada ya chuo, nikaishia kulima mashamba ya kaya kumi na nne

Kamwene wakuu.

Mniwie radhi nikikosea herufi. Simu ni ya mjukuu na vidole vyangu ni vya jembe. Nimekaa humu jukwaani miezi kadhaa nasoma tu, sichangii. Juzi nikakuta uzi wa vijana wa chuo wanalia bumu la mkopo limechelewa wiki mbili, nikacheka mpaka mjukuu akaja mbio kuangalia kama nimepaliwa.

Siwacheki kwa ubaya. Nimekumbuka yangu tu.

Nitayasimulia yalivyokuwa, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mtakaosema hii ni chai, leteni na vikombe. Nina miaka themanini na kitu, humu ndani simwogopi mtu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Kwetu ni Yakobi, hapa hapa Njombe. Leo Yakobi mnaiita kata ya mjini, enzi hizo ilikuwa mashamba, mianzi na ukungu. Na Makambako msiifikirie hii ya malori na magesti. Treni haikuwepo. Palikuwa njia panda tu yenye maduka machache ya bati.

Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa. Mlutheri kweli kweli. Pombe nyumbani kwetu ilikuwa haitajwi.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, tena bweni, miaka minne mbali na nyumbani. Vijana, darasa la nane la enzi zile ulikuwa ukitembea mabega yamepanda yenyewe. Nilikuwa na kaptula ya kaki ninayoipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, na nilikuwa na viatu. Pale kijijini wenye viatu tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa mwinjilisti.

Basi barua ikaja. Nimechaguliwa chuo cha ualimu, chuo kinafunguliwa baada ya wiki saba. Nije na ada yote, blanketi, sahani, na jembe. Ndiyo, jembe. Chuo cha wamisheni kile, ualimu na kulima vilikwenda pamoja. Na chini kabisa mkuu wa chuo ameandika kwamba asiye na ada kamili asijisumbue kuja.

Ada yenyewe nikiwatajia mtasema hiyo ni vocha ya siku moja. Lakini kwa baba yangu, aliyekuwa na ng'ombe wawili na watoto saba, ilikuwa fedha ambayo hajawahi kuishika kwa mkupuo.

Nikampelekea barua. Akaisoma polepole, akaikunja, akaniambia, "Miwati ile ya bondeni ni yako. Nilikupandia ulipoanza darasa la kwanza. Bandua magome, kausha, uza. Itatosha na kubaki."

Kwa wasiojua: muwati ni mti, na gome lake ndilo linatengeneza ngozi za viatu. Wazungu walikuwa na mashamba makubwa ya miwati Njombe, na wakulima nao walihimizwa wapande. Mnunuzi alikuwa anapokea magome yaliyokauka, anapima, analipa papo hapo.

Kazi yake sasa. Unachanja gome chini ya shina, unaingiza kishoka, unavuta kuelekea juu. Mvua ikiwa imekolea linatoka ukanda mrefu kama ukanda wa kiuno. Ukishamaliza unaangusha mti, unabandua na matawi makubwa. Halafu magome unayasimamisha au unayatundika chini ya paa, penye upepo, unayageuza kila siku mpaka yavunjike ukiyakunja.

Hapo kwenye paa pashikeni, mtapahitaji.

Siku ya kwanza nikaenda bondeni. Nikabandua miti minne. Jioni viganja vimetoka malengelenge, maji ya gome yamenikolea vidole vyote mpaka vimekuwa vyeusi, nasugua na majivu, wapi. Na kesho yake ni Jumapili, mabinti wa kwaya wote wataniona na vidole vile.

Nikakaa chini nikafikiri kama msomi. Miti ni zaidi ya sitini. Nikibandua minne kwa siku nitakufa. Ila hapa kwetu kuna mgowe.

Mgowe ni hivi: mtu ana kazi kubwa, anaita watu, wanakuja na majembe au mashoka yao, wanaipiga siku moja inaisha, jioni anawanywesha. Mimi nilikuwa nimeuona utotoni kwa mbali tu, kwa majirani, maana sisi watoto wa mzee wa kanisa tulikuwa haturuhusiwi kusogea kwenye ngoma zake. Nilichokiona ni watu wanafanya kazi, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda kwao. Nikasema kumbe rahisi. Kazi wao, pombe mimi, tumemalizana.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa kwa Wakatoliki, upande wa misheni yao, na kule mumewe alikuwa na mianzi hatari. Ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, ndio kwanza umeanza kuchuruzika. Nikamwendea shangazi na uso wa huruma, nikamwambia ni kwa ajili ya elimu. Akaniuliza,

"Baba yako anajua?"

Nikajibu kwamba baba ana mambo mengi.

Akacheka, akanipa. Mbeta nane, yale mapipa ya mianzi yenyewe, na mashemeji wawili wa kuyabeba. Siku hiyo baba alikuwa amekwenda mkutano wa wazee wa kanisa, siku nne. Mniambie kama nyie hamjawahi kufanya hivyo.

Nikapita nyumba kwa nyumba nikitangaza ulanzi upo, wakaja watu ishirini na mmoja, wake kwa waume. Mzee Lukelo ndiye aliyewaongoza, mtu mfupi, mwembamba, na midomo ambayo haipumziki. Tangu anafika alishanipachika jina, Bwana Mwalimu, na kila mtu akalidaka.

Wakuu, walifanya kazi. Wanaimba, mashoka yanakwenda, miti inalala. Na mimi, ee bwana, nilikuwa nimekaa juu ya kisiki na daftari, naandika miti iliyoanguka. Nimevaa viatu. Supervisor. Mama mmoja mjane, Mama Yuditi, akapita na mzigo wa magome kichwani, akaniuliza kama kalamu ile ni nzito, anisaidie kushika. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ananisifu.

Saa nane mchana miti yote imekwisha. Sikuamini. Kwa furaha nikafungua mbeta zote nane pale pale.

Hapo ndipo nilipokosea. Magome yalikuwa yametapakaa bonde zima, hayajabebwa, hayajafungwa matita. Lakini mbeta ikishafunguliwa mgowe umekwisha, hiyo kila mtu alikuwa anaijua isipokuwa mimi. Wakanywa, wakaimba, wakaaga. Nikabaki na bonde limejaa magome na wimbo unaishia kwa mbali.

Nikasema kesho kuna jua, yatakauka hapo hapo. Nikaenda mjini kwa rafiki yangu kumwonyesha barua ya chuo. Nikalala kwake siku mbili.

Njombe, mvua zimekolea, na mimi natarajia jua. Aliyezaliwa hapa anajua nazungumzia nini. Ilinyesha siku zote mbili bila kupumua.

Niliporudi magome yalikuwa yameota ukungu mweupe, yananuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa. Nikayakusanya hivyo hivyo, nikayafunga, nikakodi punda, nikampelekea mnunuzi pale Njombe. Akachukua ukanda mmoja, akaunusa, akautupa barabarani. Akauliza jina langu. Nikataja kwa heshima, nikidhani anataka kuniandikia. Akamwambia karani wake, "Huyu akirudi usimpimie."

Miti zaidi ya sitini. Miaka minane baba anaipalilia. Imekwisha hivyo.

Sikulia pale. Nililia njiani, na sioni aibu kusema.

Nafika nyumbani, Mzee Lukelo amekaa mlangoni na baba yangu. Baba karudi. Mzee Lukelo ananiambia kwa furaha kabisa, "Bwana Mwalimu, kesho kwangu."

Nikamuuliza kuna nini kwake.

"Mahindi. Palizi."

Nikamwambia hongera. Akamtazama baba, baba akanitazama mimi, na ndipo nikaelezwa kitu ambacho mtoto wa miaka saba wa pale alikuwa anakijua: mgowe ni zamu. Pombe ni shukrani ya siku hiyo tu. Kila kaya iliyokuja kwako, nawe unakwenda kwao siku watakapokuita, na jembe lako. Watu ishirini na mmoja walitoka kaya kumi na nne.

Nikafanya hesabu. Darasa la nane, hesabu najua. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tano na siku kadhaa, sina magome, sina ada, na nina siku kumi na nne za kulima.

Nikamgeukia baba nikitegemea fimbo. Nilikuwa naiomba fimbo, wakuu, fimbo inaisha. Hakugusa kitu. Akasema, "Umeita watu, utawafuata." Akaingia ndani.

Basi nikalima.

Kwa Mzee Lukelo alinipa mstari wa katikati, kati ya wake zake wawili, na wale mama walikuwa wanapalilia kama wanakimbizwa. Nikibaki nyuma wananisubiri kwa upole, ambayo ni mbaya kuliko kutukanwa. Yeye mwenyewe anapita nyuma yangu, "Bwana Mwalimu, hili ni hindi, hili ni jani. Jani ndilo linang'olewa." Mchana alinisimamisha katikati ya shamba niandike jina lake ardhini kwa mpini wa jembe. Nikaandika. Akalizunguka akilitazama, akakataza mtu yeyote asipalilie pale.

Siku ya tatu nilikula nimelala. Siku ya sita malengelenge yamekuwa ngozi. Viatu niliviacha nyumbani tangu siku ya pili. Kufika siku ya tisa nikajikuta naimba nao, na nashika mstari, na wale wake wa Mzee Lukelo, nao wakizunguka kaya kwa kaya kama mimi, hawanisubiri tena. Nilifurahi kuliko siku ya barua. Kweli kabisa.

Ila kila jioni nahesabu siku za chuo zilizobaki.

Kaya ya kumi na nne ilikuwa ya Mama Yuditi, yule wa kalamu. Mumewe alikuwa amekwenda mashamba ya mkonge akafia huko, yeye na binti yake Yuditi wamebaki na shamba na miwati aliyoipanda marehemu. Nafika na jembe, akaniambia weka chini. "Leo ya mgowe utanibandulia. Kuanzia kesho tubandue nusu kwa nusu, maana huna kitu na mimi sina mwanamume."

Tukabandua sisi watatu kwa siku sita. Yuditi alikuwa ananiacha miti miwili kwa siku, na kila akimaliza anakaa kunisubiri huku anasuka ukindu. Jioni tunabeba yote, tunasimamisha chini ya paa, tunageuza. Mama Yuditi alikuwa anakunja gome karibu na sikio lake kusikia kama limekauka. Nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa barua zote ambazo Bwana Shamba alikuwa akiwaandikia wakulima.

Njombe siwezi kuuza, nimeshapigwa ban kwa karani. Ikabidi Makambako, alikokuwepo mnunuzi mwingine. Nikapanda juu ya lori na matita yetu, mvua na baridi ya Njombe yote mgongoni.

Mnunuzi wa Makambako akakunja gome moja, likavunjika kavu. Akapima, akalipa fedha zote mkononi mwangu, zangu na za Mama Yuditi pamoja.

Sasa sikilizeni. Zikiwa pamoja, zilitosha ada. Nusu yangu peke yake haikufika.

Nilikaa juu ya gunia nje ya duka pale Makambako muda mrefu. Mama Yuditi hajui kusoma. Bei haijui. Ningemwambia chochote angepokea na kunibariki. Shetani hakuhitaji hata kunisogelea, nilikuwa najishauri mwenyewe vizuri tu.

Kilichonishinda ni kwamba kila tita nilikuwa nalijua. Hili tulilibeba lini, lile nani alilifunga, lile Yuditi alilivusha mtoni na maji kiunoni. Ningekuwa bado mtu wa daftari kwenye kisiki, ningeichukua ile fedha. Nawaambia ukweli wangu, sijisifu.

Nikampelekea nusu yake. Akaihesabu mara mbili, akaifunga kwenye khanga, akanikaribisha ugali.

Siku ya kufungua nikaenda chuoni na pungufu yangu, jembe begani. Mkuu wa chuo akahesabu, akazisogeza kwangu. Akaniambia haitoshi. Nikaomba, akasema atanishikia nafasi wiki tatu, halafu anaita jina linalofuata.

Nikarudi Yakobi kwa miguu. Nilipita njia ya nyuma ya mashamba ili nisionwe. Msiniulize kama nilionwa.

Alfajiri ya pili nasikia mashoka nje. Natoka, Mzee Lukelo na watu wale wale, wake zake wote wawili, Mama Yuditi na binti yake. Nikadhani kuna zamu nimeisahau, nikaingia kuchukua jembe.

"Weka jembe," akasema. "Chukua kishoka."

Nikawaambia sina miti. Nikawaambia na ulanzi sina, na shangazi hata kama anao siendi tena. Mzee Lukelo akasema kwake kuna mistari mitatu ya miwati mpakani, na jirani yake ana miwili, nao wanaelewana wenyewe kwa wenyewe jinsi ya kurudishiana, mimi hainihusu. Kwamba niliyekwenda kaya kumi na nne bila kukosa hata moja, zamu inanifikia kama mtu mwingine yeyote.

Saa tisa magome yote yalikuwa chini ya paa. Walikunywa uji wa mama yangu, wa chumvi, wakaenda zao.

Jioni hiyo nilimuuliza baba. Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu siku ile ya mlangoni. Nikamwambia, wewe ulijua jinsi mgowe unavyokwenda, kwa nini siku ya barua hukuniitia watu mwenyewe?

Baba hakuwa mtu wa maneno. Akasema, "Ungewaomba, wangekuja. Kwa uji. Hukuwaomba, ulitaka kuwanunua."

Magome yalipokauka nikayauza Makambako, nikafika chuoni siku mbili kabla ya zile wiki tatu kuisha. Mkuu akahesabu, akaandika risiti. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na nusu ya watoto waliopita mikononi mwangu ni wa kaya zile.

Yuditi yuko hapa, wakuu. Anasomewa na mjukuu wetu ninachoandika, na ameagiza niandike kwamba haikuwa miti miwili kwa siku, ilikuwa mitatu. Nimeandika.

Kwa vijana wa bumu: mimi simwambii mtu asidai haki yake. Dai. Ila wakati unasubiri, angalia ni watu wangapi wangekuja kwako alfajiri ukiwa huna cha kuwanywesha. Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja na sikujua.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kuingia mgowe hajui kuna zamu? Na wa Njombe mnieleze, huko kwenu bado mnaitana, au siku hizi mnatumiana tu namba ya simu?